Kufundisha Miji-Dola ya Ugiriki ya Kale na Mwanzo wa Demokrasia

Katika ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha, hapana sentensi tuliyoikuta ubaoni mara nyingi zaidi kuliko hii: "Demokrasia ilianza Ugiriki." Chini yake huandikwa maana ya neno lenyewe, kwamba demos ni watu na kratos ni nguvu au mamlaka; kisha wanafunzi hunakili, kengele hulia, na somo huhesabiwa kuwa limekwisha. Hakuna uongo katika sentensi hiyo. Lakini mtoto aliyeinakili hajui watu hao walikuwa akina nani, walikuwa wangapi, walikutana wapi, waliamua nini, wala ni nani aliyekuwa akichota maji na kusaga nafaka wakati wao wakiamua.

Makala haya yamekusudiwa mwanachuo atakayefundisha mada hii katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, kwa vipindi vinne au vitano. Hatutaandika andalio la somo kwa niaba yake; kazi hiyo ni yake. Tutaeleza mambo ambayo hana budi kuwa nayo kichwani kabla ya kushika chaki, na tutaonyesha mahali ambapo wengi hujikwaa, nasi tukiwa miongoni mwao.

Nchi na miji yake

Anza na ramani, lakini usikae nayo mno. Jambo la kuonwa ni moja: milima imeikata nchi vipande vipande, na bahari imeingia kila mahali. Mara nyingi watu wa bonde moja waliweza kuwafikia jirani zao kwa mashua upesi kuliko kwa miguu. Hata hivyo, mwalimu asiseme kwamba milima ndiyo iliyozaa demokrasia. Milima iko katika nchi nyingi, na nchi hiyo hiyo, kabla ya mwaka 1200 K.K., ilitawaliwa na wafalme waliokaa katika majumba makubwa kama yale ya Mycenae na Pylos, wenye makarani wa kuhesabu nafaka na kondoo. Majumba hayo yaliangamia karibu na mwaka huo, maandishi yakasahauliwa, na kwa karne kadhaa watu wengi walikaa katika vijiji vidogo. Walipoanza kuandika tena, katika karne ya 8 K.K., waliazima herufi za Wafoinike wakaziongezea irabu. Herufi hizo zilikuwa chache, hata mkulima au fundi angeweza kujifunza; kuandika hakukuwa tena siri ya makarani wa mfalme. Jambo hili tutalihitaji tutakapofika kwenye vigae.

Ni katika karne hiyo hiyo ya 8 ndipo tunapoanza kuiona miji-dola kwa uwazi. Wagiriki waliuita mji wa namna hiyo polis. Ulikuwa mji pamoja na mashamba yake, wenye sheria zake, jeshi lake na miungu wake, usiotambua bwana mwingine juu yake. Kwa kadiri karne zilivyopita ilipatikana zaidi ya miji-dola elfu moja, maana Wagiriki walipanda merikebu wakaanzisha mingine mbali na kwao: Syracuse katika Sicily, Cyrene katika nchi ambayo leo ni Libya, Massalia ambayo leo ni Marseille huko Ufaransa. Mingi ilikuwa midogo sana. Athens, uliokuwa miongoni mwa mikubwa, ulikuwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,500, yaani karibu sawa na Unguja na Pemba zikiunganishwa. Mwambie mwanafunzi hivyo, naye ataacha kufikiri juu ya dola kubwa yenye mikoa na wilaya.

Mwalimu aliye pwani ana mfano mwingine karibu naye. Kilwa, Mombasa, Pate na Lamu ilikuwa miji iliyoshirikiana lugha, dini na biashara, na kwa muda mrefu kila mmoja ulikuwa na mambo yake. Mfano huu wafaa kueleza mji-dola ni nini. Haufai kueleza demokrasia, wala usitumiwe kana kwamba miji hii ilitokana na ile.

Katika miji mingi ya Ugiriki wafalme walitoweka mapema, na utawala ukashikwa na jamaa chache zenye mashamba makubwa. Hatua ya kwanza ya kuwabana wakubwa hao haikuwa kuchagua viongozi, bali kuandika sheria mahali ambapo kila mtu aliweza kuiona. Huko Dreros, katika kisiwa cha Krete, imepatikana sheria iliyochongwa kwenye jiwe karibu na mwaka 650 K.K. Yasema kwamba mtu aliyekwisha kushika cheo kikuu cha mji hatakishika tena mpaka ipite miaka kumi. Huo ni mfano mzuri wa kuanzia kipindi cha pili, kwa sababu hauhitaji maelezo marefu. Waulize wanafunzi: "Watu wa Dreros walikuwa wakiogopa nini?" Kisha nyamaza. Wanachuo wengi huuliza swali jema halafu hulijibu wenyewe kabla mtoto hajavuta pumzi.

Solon na madeni

Hapa ndipo penye moyo wa habari, na hapa ndipo tunaposhauri mwalimu atumie muda wake. Mwanzoni mwa karne ya 6 K.K. wakulima wengi wa Athens walikuwa wamezama katika madeni. Wengine walilima ardhi waliyotakiwa kuitolea sehemu ya mavuno kila mwaka kwa tajiri, na katika mashamba yalisimamishwa mawe ya kuonyesha kwamba ardhi hiyo ina deni. Mtu aliyekopa aliweka rehani mwili wake mwenyewe. Aliposhindwa kulipa, yeye na watoto wake waliweza kukamatwa na kuuzwa utumwani, hata nchi za mbali. Mji ukakaribia kupigana wenyewe kwa wenyewe.

Mwaka 594 K.K. pande zote mbili zilikubali kumpa madaraka mtu mmoja, Solon, ili awapatanishe. Solon alifuta madeni hayo, akaagiza mawe yang'olewe, na akapiga marufuku mkopo wowote wenye rehani ya mwili wa mtu. Waliouzwa ng'ambo, aliowaweza, aliwarudisha. Aliwagawa raia katika madaraja manne kwa kadiri ya mavuno yao: waliopata vipimo 500, waliopata 300, waliopata 200, na waliokuwa chini ya hapo. Vyeo vikubwa vilibaki kwa wenye mali, lakini hata maskini wa daraja la nne aliruhusiwa kuhudhuria mkutano wa raia na kuketi mahakamani. Aliweka pia sheria kwamba raia yeyote aweza kumshtaki mkosaji kwa ajili ya mtu mwingine aliyedhulumiwa. Maskini walitaka zaidi, yaani ardhi igawanywe upya, Solon akakataa. Matajiri walidhani amewapokonya. Maskini walidhani amewapunja.

Usipite upesi hapa kwa sababu hakuna vita. Mwanafunzi aelewe kwamba kabla watu hawajawa na sauti katika mkutano, ilibidi kwanza wasiweze kuuzwa. Raia ambaye jirani yake aweza kumnadi sokoni kwa ajili ya gunia la shayiri hawezi kuinua mkono wake dhidi ya jirani huyo. Twapendelea igizo fupi: mkopeshaji, mkopaji, mtoto wa mkopaji, na Solon. Watoto watunge maneno yao wenyewe. Ila mwalimu ajihadhari asiulize darasani, "Nani kwenu wanadaiwa?" Tumewahi kusikia swali hilo likiulizwa kwa nia njema, na tumeona nyuso zilivyoinama.

Kati ya Solon na hatua inayofuata ulipita utawala wa mabavu wa Peisistratus na wanawe. Wagiriki waliwaita watawala wa namna hiyo tyrannos, na si wote waliokuwa wakatili. Peisistratus aliwasaidia wakulima wadogo na kuupamba mji. Sentensi mbili au tatu zatosha. Mwanawe Hippias alifukuzwa mwaka 510 K.K. kwa msaada wa jeshi la Sparta.

Kuchanganya watu

Mwaka 508 K.K. Athens ulikuwa na ugomvi tena, safari hii baina ya wakubwa wawili, Isagoras na Cleisthenes. Isagoras alimwita mfalme wa Sparta, Cleomenes, amsaidie, na Cleisthenes akalazimika kukimbia. Ndipo likatokea jambo ambalo vitabu vya shule hulisahau: watu wa kawaida, bila kiongozi wao, waliwazingira Cleomenes na Isagoras juu ya kilima cha Acropolis, na siku ya tatu Wasparta wakakubali kuondoka. Cleisthenes akaitwa arudi.

Mageuzi yake yalikuwa ya hesabu zaidi kuliko ya hotuba. Alianza na vitongoji vya Attica, ambavyo vyajulikana kuwa 139. Vitongoji hivyo alivipanga katika mafungu ya mjini, ya pwani na ya bara. Kisha akaunda makabila kumi mapya, kila kabila likiwa na fungu moja la mjini, moja la pwani na moja la bara. Jamaa kubwa zilizokuwa na wafuasi wao mahali pamoja zilijikuta zimetawanywa. Kila kabila lilitoa watu 50 kwenda katika Baraza la Mia Tano, na watu wa kabila moja walipigana vitani bega kwa bega.

Jambo hili likielezwa kwa maneno matupu huchosha. Fanya hivi: gawa darasa katika sehemu tatu, walio karibu na mlango wawe pwani, walio mbele wawe mjini, walio nyuma wawe bara. Halafu unda vikundi vipya, kila kimoja kikichukua wachache kutoka kila sehemu, ukakipe kila kikundi kazi ya kuamua jambo dogo, kama vile mchezo wa mapumzikoni. Watalalamika kwamba wametenganishwa na rafiki zao. Yaache malalamiko yatoke. Ndiyo somo lenyewe. Waulize nani angenung'unika zaidi huko Athens, na kwa nini.

Mkutano, kura na kopo la maji

Mkutano wa raia uliitwa ekklesia. Wanafunzi Wakatoliki watalitambua neno hilo, kwani ndilo lililoingia katika Kiswahili cha Kanisa kuwa Eklezia. Wakati wa Athens halikuwa na maana ya dini. Raia walikutana kwenye mteremko wa kilima kiitwacho Pnyx, mahali palipoweza kuchukua watu wapatao 6,000, nao walipiga kura kwa kuinua mikono. Katika karne ya 4 K.K. mikutano ya kawaida ilikuwa 40 kwa mwaka. Raia yeyote aliweza kusimama akasema. Vita na amani, kodi, chakula cha kuagizwa kutoka ng'ambo, ujenzi wa merikebu, yote yaliamuliwa hapo, si na wajumbe bali na watu wenyewe waliofika.

Kuhusu kura, Kiswahili chatusaidia kuliko lugha nyingi. Neno kura kwa asili ni ile ya bahati: vijiti vya urefu mbalimbali, au karatasi zilizokunjwa, ili kuamua nani apate fungu gani. Leo twasema pia "kupiga kura" tunapomchagua mbunge. Mwathene alizitenga njia hizi mbili kwa makini sana. Kuchagua kwa mikono kulitumika kwa majemadari kumi wa kila mwaka, kwa kuwa vita hutaka ujuzi. Kwa njia hiyo Pericles alichaguliwa mwaka baada ya mwaka. Lakini wajumbe wa Baraza la Mia Tano, mahakimu wengi na waamuzi wa mahakama walipatikana kwa kura ya bahati. Aristotle aliandika kwamba kupata viongozi kwa bahati ndiyo desturi ya demokrasia, na kuwachagua ni desturi ya utawala wa wachache. Sababu si ngumu kuiona: anayechaguliwa aghalabu ni mwenye jina, mali na ulimi, bahati haimjui mtu.

Mwenyekiti wa Baraza naye alipatikana kwa bahati, akashika funguo za hazina na muhuri wa dola kwa usiku mmoja na mchana mmoja tu, wala hakuruhusiwa kupata nafasi hiyo tena maishani mwake. Jaribu jambo hili na kazi ya ukiranja kwa wiki moja, ukipata idhini ya mwalimu wa darasa. Chora vijiti kila asubuhi. Mtoto ambaye hajawahi kuitwa mbele atashika ufunguo wa kabati la vitabu siku hiyo, na darasa litaona kama kazi imeharibika au la. Sisi hatutabiri, mara nyingine imeharibika.

Mahakama zilikuwa na waamuzi wengi, 201 au 501 katika kesi moja, wakichukuliwa kutoka orodha ya raia 6,000 wa mwaka huo. Tangu wakati wa Pericles walilipwa posho ndogo, ili maskini aweze kuacha kazi yake kwa siku moja. Kila msemaji alipimiwa muda kwa chombo cha maji chenye tundu chini. Kimoja kilichochimbuliwa mjini Athens chachukua lita zipatazo 6.4, na maji yake huisha kwa muda wa dakika sita hivi. Hii ni zana isiyo na gharama: kopo tupu, msumari, ndoo ya maji. Watoto wakizungumza dhidi ya kopo linalovuja hujifunza kusema jambo la maana kwanza.

Vigae

Kila mwaka Waathene waliulizana kama wanataka kumfukuza mtu. Wakikubali, siku nyingine iliwekwa, na kila raia aliandika jina la mtu mmoja kwenye kigae cha chungu kilichovunjika, kiitwacho ostrakon. Kama vigae vilifika 6,000, aliyepata vingi aliondoka nchini kwa miaka kumi. Mali yake haikuguswa, wala hakushtakiwa kwa kosa lolote. Shabaha ilikuwa kumzuia mtu mwenye nguvu asigeuke kuwa bwana wa mji. Desturi hii ilitumika mara ya kwanza mwaka 487 K.K.

Vigae vyenyewe vimefukuliwa kwa maelfu, na majina yasomeka hadi leo. Katika kisima kimoja ubavuni mwa Acropolis vilipatikana vigae 190 vyenye jina la Themistocles, yule aliyewashawishi Waathene kujenga merikebu zilizowashinda Waajemi huko Salamis mwaka 480 K.K. Wataalamu walipochunguza mwandiko, waliona kwamba vigae hivyo vyote viliandikwa na mikono 14 tu. Bila shaka maadui zake waliviandaa mapema ili wawagawie watu. Waonyeshe wanafunzi vigae kumi ulivyoandika wewe kwa mwandiko mmoja, waligundue jambo hilo wenyewe, halafu wajadili: je, ni hila, au ni msaada kwa wasiojua kuandika? Plutarch, aliyeandika zaidi ya miaka 500 baadaye, asimulia kwamba mkulima asiyejua kuandika alimwomba mtu aliyesimama karibu naye amwandikie jina la Aristides. Mtu huyo alikuwa Aristides mwenyewe. Alipomwuliza Aristides amemkosea nini, mkulima akajibu hakumkosea, ila amechoka kumsikia kila mahali akiitwa Mwenye Haki. Aristides akaandika jina lake, akamrudishia kigae.

Sasa hatuna budi kueleza kosa letu. Miaka iliyopita tuliwaelekeza wanachuo waendeshe zoezi hili kwa majina ya wanafunzi wa darasa lenyewe, tukidhani kwamba kwa njia hiyo somo litakuwa hai. Tulikaa nyuma ya darasa moja tukitazama. Vigae vilikusanywa kwa shangwe, vikahesabiwa, na aliyetajwa na wengi alikuwa mvulana aliyehamia shuleni hapo muhula ule, mwenye kigugumizi. Darasa lilicheka. Mwanachuo, akifuata maelekezo yetu, akamwambia asimame nje ya mlango kwa dakika tano, "kama Themistocles". Tuliandika katika daftari la ukaguzi kwamba ushiriki wa wanafunzi ulikuwa mzuri sana. Kesho yake mvulana huyo hakuja shuleni, wala siku iliyofuata. Mwanachuo ndiye aliyefunga safari hadi nyumbani kwao, si sisi. Mtoto alirudi wiki iliyofuata, lakini kwa muda wote tuliobaki hapo hatukumwona akinyosha mkono.

Ukweli ni kwamba zoezi lilifanikiwa kuonyesha jinsi kigae kinavyofanya kazi, maana huko Athens pia si kila aliyefukuzwa alikuwa tishio. Lakini mwalimu hana haki ya kununua ujuzi kwa bei hiyo. Tangu hapo twaagiza kwamba majina yatakayoandikwa yawe ya Waathene peke yake, kama Themistocles na Aristides, na kila mtoto, kabla hajakitia kigae chunguni, aseme sababu yake mbele ya wenzake.

Waliobaki nje

Baada ya zoezi la mkutano, katika shule nyingine, msichana mmoja aliuliza: "Wanawake walikaa upande gani wa kilima?" Mwanachuo alibabaika, akasema swali hilo litajibiwa kipindi kijacho. Halikujibiwa. Lijibiwe hapo hapo: hawakukaa upande wowote. Mwanamke wa Athens hakupiga kura, hakusema mkutanoni, na mahakamani alisemewa na mwanamume wa jamaa yake. Wageni walioishi mjini, hata waliozaliwa humo, walilipa kodi na kupigana vitani bila kuwa raia. Kwa sheria ya Pericles ya mwaka 451 K.K. raia alikuwa ni yule tu ambaye baba na mama yake wote ni Waathene. Kisha walikuwapo watumwa, makumi ya maelfu, nyumbani, viwandani, na katika machimbo ya fedha ya Laurion, ambayo utajiri wake ndio uliojenga merikebu za Salamis. Hata askari waliolinda utulivu katika mkutano walikuwa watumwa wa dola. Raia wanaume watu wazima, wanahistoria hukadiria, walikuwa kati ya 30,000 na 60,000 katika karne ya 5 K.K.

Na yule Solon aliyekataza Mwathene kuuzwa hakukataza Mwathene kununua mtu wa nchi nyingine. Inawezekana kwamba jambo moja lilichochea jingine: matajiri waliokosa kumtumikisha jirani waliagiza watumwa kutoka mbali. Mwalimu asilifiche jambo hili ili kuipamba demokrasia, wala asilitumie kusema kwamba habari yote ya Athens ni uongo. Mkulima maskini alipata kweli sauti ambayo wenzake katika miji mingine hawakuwa nayo, na sauti hiyo kweli ilibebwa na mgongo wa mtu mwingine. Wanafunzi wa umri huu waweza kuyashika yote mawili pamoja, mara nyingi kuliko sisi tunavyodhani. Msichana yule akiuliza tena ni lini wanawake wa Ugiriki walipata kura ya kuchagua wabunge, jibu ni mwaka 1952.

Kwa kulinganisha, itaje Sparta kwa ufupi: wafalme wawili kwa wakati mmoja, baraza la wazee 28 wenye umri wa zaidi ya miaka 60 pamoja na wafalme hao, maofisa watano wa kila mwaka, na mkutano uliochagua wazee kwa kupima ukubwa wa kelele. Chini yao wote walikuwa Waheloti, watu wa nchi waliolimishwa kwa nguvu. Watoto hufurahia kura ya kelele. Waijaribu mara moja, mlango ukiwa umefungwa.

Merikebu mbili

Kipindi cha mwisho twashauri kisiwe marudio ya tarehe, bali kisa kimoja kilichoandikwa na Thucydides, Mwathene aliyeishi wakati huo. Mwaka 428 K.K., katika vita baina ya Athens na Sparta, mji wa Mytilene katika kisiwa cha Lesbos uliwaasi Waathene. Mwaka uliofuata ulisalimu amri. Mkutano wa Athens, kwa hasira, ukaamua wanaume wote wazima wa Mytilene wauawe, na wanawake na watoto wauzwe utumwani. Merikebu ikatumwa siku hiyo hiyo kumpelekea jemadari Paches amri hiyo.

Kulipokucha watu wengi walijutia uamuzi wao. Mkutano ukaitwa tena. Cleon alitaka amri isibadilishwe, akisema dola isiyoshika maamuzi yake ni dhaifu. Diodotus hakuwaomba wawe na huruma. Alisema kuua mji mzima hakuna faida kwa Athens, kwa kuwa waasi wa kesho, wakijua hawana tumaini, watapigana hadi mwisho. Mikono ikainuliwa, hesabu zikakaribiana, na upande wa Diodotus ukashinda kidogo tu. Merikebu ya pili ikatumwa, ya kwanza ikiwa imetangulia kwa mchana mmoja na usiku hivi. Wajumbe wa Mytilene waliwapa mabaharia divai na unga wa shayiri, wakaahidi zawadi kubwa. Wapiga makasia walikula wakiwa kwenye makasia, wakalala kwa zamu. Merikebu ya kwanza, iliyobeba kazi ya kuchukiza, haikufanya haraka. Paches alikuwa amekwisha kusoma amri ya kwanza, naye alikuwa akijiandaa kuitekeleza, merikebu ya pili ilipotia nanga.

Mji uliokoka. Lakini waliohesabiwa kuwa viongozi wa uasi, waliokuwa wameletwa Athens, waliuawa kwa kura ya mkutano ule ule. Thucydides asema walikuwa zaidi ya elfu moja. Usikate kisa kwenye merikebu ya pili kwa sababu kinapendeza kuishia hapo. Wape wanafunzi nusu ya kipindi waandike hotuba ya Cleon au ya Diodotus, kila mmoja achague mwenyewe, wazisome kwa kopo la maji, halafu wainue mikono. Mwalimu asipige kura. Daftari zikusanywe, na zisahihishwe kwa kufuata hoja iliyotolewa, bila kujali ni upande upi uliotetewa. Vigae virudishwe katika sanduku la zana pamoja na lile kopo, kwa kuwa mwanachuo atakayefuata atavihitaji.